Kabla ya kulaumu chakula, hesabu saa unazolala

LEO tuanze na swali moja jepesi. Jana usiku ulilala saa ngapi, na leo asubuhi uliamka saa ngapi? Usijibu kwa kukisia. Chukua kalamu uandike pembeni mwa ukurasa huu ile saa uliyozima taa na kufumba macho, wala si ile uliyopanda kitandani ukaanza kuchezea simu. Andika pia saa uliyoamka. Piga hesabu, kisha uendelee kusoma.

Nakuuliza hivyo kwa sababu hilo ndilo swali nililosahau kumuuliza mgonjwa wangu mmoja hadi alipokuja kuniona mara ya tatu.

Huyu ni mama wa watoto wawili anayeishi upande wa Kinoo na kufanya kazi ya ofisi katikati mwa jiji la Nairobi. Alikuja akilalamika kwamba anazidi kunenepa ilhali hali chakula kingi. Katika muda wa miaka minne uzani wake ulikuwa umetoka kilo 66 hadi kilo 82. Alikuwa ameacha ugali wa usiku, ameacha sukari katika chai, na kila asubuhi alikunywa maji moto yenye ndimu kama alivyoshauriwa na rafiki zake. Uzani haukushuka hata kidogo. Nilipompima, shinikizo la damu lilikuwa 148 kwa 94, kiwango ambacho hakifai kupuuzwa.

Mara ya kwanza nilimpa mawaidha kuhusu chakula. Mara ya pili nikampima sukari na tezi ya shingo, nikaona vyote viko sawa, nikamshauri atembee zaidi. Mara ya tatu alinitazama akasema, "Daktari, wewe wadhani nakudanganya kuhusu chakula, sivyo?" Niliona haya, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyokuwa nikidhani. Ndipo nikamwambia, "Mama, hebu nieleze siku yako nzima, tangu unapoamka mpaka unapolala."

Alikuwa akiamka saa kumi na robo alfajiri ili atayarishe chai na chakula cha mchana cha watoto, na kupiga pasi sare zao. Basi la shule liliwachukua saa kumi na moja na nusu. Yeye naye alikimbilia matatu kabla Barabara ya Waiyaki haijajaa magari. Jioni alitoka kazini saa kumi na moja, akafika nyumbani saa moja na nusu usiku, akapika, akawasaidia watoto kazi za shule, akaosha vyombo. Baada ya hapo alishika simu kuwajibu wateja wa biashara yake ndogo ya nguo, kwa maana mshahara mmoja hautoshi siku hizi. Kichwa chake kiligusa mto saa sita usiku.

Fanya hesabu mwenyewe. Huo ni muda wa saa nne na dakika 15.

Kisha akanieleza mambo ambayo hakuwa ameyataja hapo awali. Saa kumi jioni, macho yalipoanza kufumba akiwa ofisini, alikunywa soda na kula mandazi mawili. Akisubiri matatu alinunua smokie. Na saa tano usiku, akijibu wateja, alimaliza chapati waliyobakisha watoto kwa kikombe cha chai nzito. Nilipomuuliza kwa nini hakunieleza haya tangu mwanzo, alinijibu bila hila yoyote: "Hicho si chakula, daktari. Hicho ni cha kuniweka macho."

Msomaji, maneno hayo ndiyo somo letu lote la leo. Mwili ulionyimwa usingizi hutafuta nguvu mahali pengine, na mahali palipo karibu zaidi ni kwenye chakula.

Njaa isiyotoka tumboni

Mwili una homoni kadhaa zinazoongoza hamu ya kula. Mbili ni muhimu katika mazungumzo yetu. Ya kwanza ni leptini, ambayo iligunduliwa mwaka wa 1994. Hutengenezwa na mafuta yaliyomo mwilini, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, kwa hiyo hakuna haja ya kula zaidi. Ya pili ni grelini, ambayo iligunduliwa na wanasayansi wa Japani mwaka wa 1999. Hiyo hutoka hasa tumboni, na habari inayopeleka ni kinyume: akiba imepungua, tafuta chakula.

Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago nchini Marekani, miongoni mwao Karine Spiegel na Eve Van Cauter, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana 12 wa kiume wenye afya nzuri. Vijana hao walilazwa muda wa saa nne tu kwa siku mbili mfululizo, na wakati mwingine wakaruhusiwa kukaa kitandani saa 10 kwa siku mbili. Baada ya usingizi mfupi, leptini yao ilikuwa chini kwa asilimia 18 na grelini ilikuwa juu kwa asilimia 28. Njaa waliyosema wanaisikia iliongezeka kwa asilimia 24. Na hawakutamani matango wala mboga. Walitamani vitu vitamu, vitu vya chumvi na vyakula vya wanga.

Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu homoni hizo mbili, kwani mwili una njia nyingi. Lakini kuhusu sahani hakuna ubishi mkubwa. Mwaka wa 2017 tafiti kadhaa za namna hiyo zilipojumlishwa pamoja, ilionekana kwamba waliopunguziwa usingizi walikula wastani wa kalori 385 zaidi kwa siku. Kukesha hutumia nguvu zaidi kidogo kuliko kulala, ndiyo, lakini kinachoongezwa mdomoni hupita kile kinachotumika. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hukaa kiunoni.

Kuna na jambo jingine. Ubongo uliochoka hushindwa kujikataza. Yule mtu ambaye saa nne asubuhi hupita kando ya kibanda cha chipsi bila hata kugeuka, ndiye huyo huyo ambaye saa mbili usiku, baada ya kukwama kwenye foleni ya magari Museum Hill, huagiza sahani kubwa na soda. Usimwite mlafi. Mwite mtu mwenye deni la usingizi.

Mimi mwenyewe nakumbuka siku nilipokuwa daktari mwanafunzi nikifanya zamu za usiku. Saa tisa usiku hakuna aliyetafuta tunda. Tulitafuta chai ya maziwa yenye sukari nyingi na mkate uliopakwa siagi. Mwaka ule mmoja nilibadilisha ukubwa wa suruali mara mbili, nami nilidhani ni dalili ya kuanza kupata mshahara.

Kujinyima chakula bila kulala

Wengi wetu tukiona uzani umezidi hukimbilia kujinyima chakula. Hilo ni jema kwa kiasi chake. Lakini sikiliza yaliyowapata watu 10 wanene waliochunguzwa huko Chicago, na matokeo kuchapishwa mwaka wa 2010. Wote walipewa chakula kilichopunguzwa kwa siku 14, mara moja wakiruhusiwa kukaa kitandani muda wa saa nane na nusu, na mara nyingine saa tano na nusu. Katika vipindi vyote viwili walipungua takriban kilo tatu. Tofauti ilikuwa katika kile kilichopungua. Walipolala kidogo, mafuta yaliyotoka mwilini yalipungua kwa zaidi ya nusu, na badala yake mwili ukapoteza zaidi misuli na sehemu nyingine zisizo mafuta.

Maana yake ni nini kwako? Ni kwamba unaweza kushinda njaa mwezi mzima, mizani ikakufurahisha, kumbe umetupa misuli na kubakisha kitambi. Na mtu aliyepoteza misuli hunenepa upesi zaidi akirudia chakula chake cha kawaida.

Habari njema ni kwamba mambo yanaweza kugeuzwa. Mwaka wa 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 80 waliokuwa na uzani uliozidi, na ambao kwa kawaida walilala chini ya saa sita na nusu. Nusu yao walifundishwa jinsi ya kuongeza usingizi. Hawakupewa masharti yoyote ya chakula. Waliongeza muda wa saa moja na zaidi kidogo kila usiku. Bila kuambiwa wapunguze kitu, walijikuta wakila kalori zipatazo 270 chini ya wenzao kwa siku. Kiasi hicho kinazidi kalori zilizomo katika chupa ya soda ya nusu lita.

Si uzani peke yake

Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka wa 2015 uliwapata Wakenya wazima wenye uzani uliozidi kuwa asilimia 38.5 ya wanawake na asilimia 17.5 ya wanaume. Karibu mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Sitasema kwamba haya yote yameletwa na kukosa usingizi. Mafuta ya kupikia, sukari, kukaa kitako kutwa, pombe na urithi wa ukoo, vyote vimo. Lakini usingizi ndio tunaousahau.

Unapolala vizuri, shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Huo ndio wakati moyo na mishipa hupumzika. Anayelala muda mfupi huifupisha nafasi hiyo kila usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Ndiyo maana mwaka wa 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliuongeza usingizi katika orodha yake ya mambo manane makuu ya kulinda moyo, pamoja na chakula, mazoezi na kuacha sigara.

Sukari pia huathirika. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1999, vijana 11 wenye afya walilala muda wa saa nne kwa siku sita. Uwezo wa miili yao kuiondoa sukari damuni ulizorota, wakawa kama watu wanaoelekea kupata kisukari. Walipolala vya kutosha walirudi hali yao. Kijana hurudi upesi. Mtu wa miaka 45 mwenye kitambi na wazazi waliougua kisukari asitegemee bahati hiyo.

Na wewe unayeendesha gari, tafadhali zingatia hili. Mwaka wa 1997 ilionyeshwa kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hukosea kama aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 damuni, na baada ya saa 24 ni kama aliyefika asilimia 0.10. Polisi wana kifaa cha kupima walevi barabarani. Cha kupima wasinziao hawana. Dereva aliyeamka saa tisa na nusu alfajiri kuwahi abiria wa kwanza, hutimiza saa 17 ifikapo saa mbili na nusu usiku, na huo ndio wakati anaporudisha abiria nyumbani.

Unapokoroma

Nchini kwetu kukoroma huchukuliwa kuwa jambo la kuchekesha, na wengine hudai ni dalili ya kulala fofofo. La hasha! Ukiwa unakoroma kwa sauti kubwa, pumzi ikakatika kwa sekunde kadhaa kisha ukashtuka kama mtu anayezama majini, huenda una ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Koo huziba, hewa haipiti, na ubongo hulazimika kukuamsha mara nyingi usiku bila wewe kujua. Unaweza kukaa kitandani saa nane na uamke umechoka, kichwa kikiuma na kinywa kikavu.

Ugonjwa huu na unene hufuatana kama pete na kidole. Unene wa shingo huibana njia ya hewa, na uchovu unaotokana na usiku mbovu huzidisha unene. Hupandisha shinikizo la damu pia, na ni mojawapo ya sababu zinazofanya dawa za shinikizo zishindwe kufanya kazi ipasavyo. Mficha maradhi kilio humfichua. Muulize mwenzako wa chumbani anasikia nini usiku, kisha umweleze daktari. Ziko hospitali jijini zinazopima usingizi, na tiba ipo: kupunguza uzani, kulala ubavu, kuacha pombe ya usiku, na kwa walio na hali mbaya, mashine ndogo inayosukuma hewa puani wakati wa kulala.

"Mbona wazee wetu hawakulala sana?"

Swali hili huulizwa mara kwa mara. Wengine hunikumbusha babu zao waliokuwa wakidamkia shamba wala hawakujua kitambi.

Jibu zuri tunalipata kwa jirani zetu. Mwaka wa 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadzabe, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, pamoja na watu wengine wa namna hiyo wa Namibia na Bolivia. Ilitarajiwa kwamba watu wasio na umeme hulala mapema mno na kwa muda mrefu. Haikuwa hivyo. Walikaa macho muda wa saa mbili hadi tatu na zaidi baada ya jua kutua, na usingizi wao halisi ulikuwa wastani wa kati ya saa 5.7 na saa 7.1.

Lakini angalia vizuri. Muda waliokaa malazini ulikuwa kati ya saa 6.9 na saa 8.5. Mchana kutwa walitembea na kuchimba, na saa tano usiku hapakuwa na duka la kuuza soda mlangoni. Babu yako naye alikuwa hivyo. Wewe umechukua saa zake za kuamka, ukaziacha saa zake za kulala, na jembe lake umeliacha kijijini.

Watoto wa basi la alfajiri

Simama kando ya barabara pale Lavington, Kangemi au Uthiru saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utawaona watoto wa darasa la kwanza wamebeba mikoba, wamesinzia mabegani mwa wasaidizi wa nyumbani. Wataalamu wanapendekeza watoto wa miaka 6 hadi 12 walale muda wa saa 9 hadi 12, na wale wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Mtoto anayeamshwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri anapaswa awe amelala ifikapo saa mbili kasorobo usiku ili apate zile saa tisa za chini kabisa. Katika nyumba nyingi wakati huo chakula bado kiko motoni.

Mtoto asiyelala vya kutosha huwa katika hatari kubwa zaidi ya kunenepa, na darasani hukasirika upesi na kusahau upesi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuanza saa mbili asubuhi. Katika mkutano ujao wa wazazi, uliza kwa adabu kwa nini basi lazima lifike mlangoni mwako saa mbili na nusu kabla ya wakati huo, na kama njia yake yaweza kupangwa upya. Mzazi mmoja akiuliza ni mnung'uniko. Ishirini wakiuliza ni ajenda.

Wanaofanya kazi usiku

Jiji hili haliwezi kwenda bila mlinzi wa lango, muuguzi, mwokaji mikate na mpishi wa hoteli. Ikiwa wewe ni mmoja wao, ushauri wa "lala mapema" ni kama dhihaka. Fanya hivi. Kula chakula chako kikubwa kabla ya kuingia zamu. Usiku, ukihitaji kitu, chagua yai, njugu, ndizi au githeri kidogo badala ya soda na keki. Acha chai, kahawa na miraa katika nusu ya pili ya zamu, maana vitakufuata nyumbani. Ukifika nyumbani lala kwanza, kazi nyingine baadaye, na uwaombe watu wa nyumbani wauheshimu usingizi wako wa mchana kama vile wanavyouheshimu wao wa usiku. Funika dirisha kwa pazia zito au blanketi. Ikiwa macho yanafumba, usipande pikipiki wala usishike usukani.

Mambo ya kufanya kuanzia leo

1. Chagua saa ya kuamka kisha urudi nyuma. Mtu mzima anahitaji muda wa saa saba au zaidi. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, uwe umelala kufikia saa nne usiku.

2. Usirukie. Anayelala saa sita usiku aanze kwa kulala saa sita kasorobo. Kila juma aongeze robo saa.

3. Saa ya kuamka isibadilike sana Jumamosi na Jumapili. Ukiwa na deni, ongeza saa moja tu, au lala dakika 20 mchana. Dawa ya deni ni kulipa, lakini hili halilipwi lote kwa siku moja.

4. Toka nje asubuhi. Sisi tulio karibu na ikweta tumebarikiwa: jua la Nairobi huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Mwanga huo ndio unaorekebisha saa iliyomo mwilini mwako. Shuka kituo kimoja kabla ya mwisho, utembee.

5. Chai, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishe saa nane mchana. Baada ya muda wa saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini.

6. Kula chakula cha jioni angalau muda wa saa mbili kabla ya kulala. Baada ya hapo, jikoni pafungwe. Ukisikia njaa saa tano usiku, jiulize kwanza: je, ni njaa au ni usingizi?

7. Simu isilale kitandani. Iache ikichajiwa mbali na mkono wako.

8. Pombe haikulazi. Inakuangusha tu, kisha inakuamsha usiku wa manane na kuzidisha kukoroma.

9. Usinunue vidonge vya usingizi dukani bila kuandikiwa na daktari. Wala usiache dawa zako za shinikizo au kisukari eti kwa sababu umeanza kulala vizuri.

Najua baadhi ya ushauri huu ni rahisi kutekelezwa katika nyumba ya vyumba vinne kuliko katika chumba kimoja cha Kawangware kilichopakana na baa. Fanya lile unaloweza. Pamba masikioni, leso iliyofungwa machoni, na makubaliano na jirani kuhusu redio si mambo ya gharama.

Yule mama alifanyaje?

Nilimwomba aje na mumewe. Walikuja siku ya Jumamosi. Mume alidhani ataambiwa habari za dawa. Nilimwonyesha karatasi yenye saa za siku ya mkewe. Aliitazama kwa muda, akasema, "Daktari, mimi naamka saa kumi na mbili." Hakuongeza neno, nami sikumwongezea.

Tangu siku ile sare hupigwa pasi Jumapili jioni, zote kwa pamoja, naye baba ndiye hupiga. Yeye pia huwapeleka watoto kwenye basi siku tatu kwa juma. Biashara ya nguo hufungwa saa tatu na nusu usiku, na wateja wameambiwa hivyo. Mama anasema hakumpoteza hata mmoja wa maana. Siku nyingi hulala saa nne usiku na kuamka saa kumi na nusu au saa kumi na moja. Bado hajatimiza saa saba kila siku. Baada ya miezi sita uzani wake ulikuwa kilo 77, na shinikizo la damu 134 kwa 86. Alikuwa pia akitembea kutoka Westlands hadi mjini mara mbili kwa juma, kwa hiyo siwezi kuupa usingizi sifa yote. Lakini nilipomuuliza kuhusu ile soda ya saa kumi jioni, alicheka akasema, "Sikuiacha, daktari. Nilisahau tu kuinunua."

Sasa rudi kwenye ile hesabu uliyoandika pembeni mwa ukurasa. Iandike tena kesho, na kesho kutwa, kwa siku saba. Kisha siku utakayokwenda kumwona daktari kuhusu uzani, shinikizo au sukari, chukua karatasi hiyo uende nayo. Naye asipokuuliza habari za usingizi, kama nami nilivyosahau, mwonyeshe wewe mwenyewe.